Kungoja Ngamia Akauke

Nilifika Isiolo na gari lenye tundu. Tundu lilikuwa kwenye dashibodi, ukubwa wa tofali, mahali ambapo redio ya kiwandani ilikaa tangu gari lilipotoka kwa waliolitengeneza hadi siku baba mdogo alipoamua kwamba ukoo wetu umebaki nyuma kwa kukosa kaseti. Aliing'oa redio akampa mtu ambaye baadaye hakumkumbuka, akaweka mashine ya kaseti iliyoibwa kabla ya Krismasi. Baba alipofariki nilirithi gari, na tundu likaja nalo.

Ni gari la Kifaransa, lile refu la safu tatu za viti, ambalo kila Mkenya wa rika langu amewahi kutapika ndani yake akipelekwa kwa nyanya wakati wa likizo. Baba alilifanya teksi ya masafa marefu. Nilipokuwa mdogo nilikataa kulala kitandani. Nililala kiti cha nyuma, redio ikiwaka, na baba akanizungusha mtaa mpaka nifumbe macho. Redio ilikuwa na vitufe vitano vyeupe, taa ya rangi ya chai, na mshale mwekundu uliovutwa kwa uzi. Kitufe cha tatu kilikuwa cha habari, na ni baba peke yake aliyeruhusiwa kukibonyeza.

Nadhani ndiyo sababu, baada ya kidato cha nne, nilijikuta fundi wa redio za namna hiyo na si za namna nyingine. Ukiniletea redio mpya ya gari nitakuelekeza kwa jirani. Niletee ile iliyozaliwa pamoja na gari, yenye vumbi la miaka na panya aliyefia ndani ya spika, nitakusahau umesimama hapo. Tatizo ni kwamba magari hayo hayakai mji mmoja. Nimeishi Kitale, Thika, Voi, Homa Bay. Nikimaliza redio za mji, nahama. Nimetengeneza redio za watu wengi, na katika miji yote hiyo sikuwahi kupata iliyo saizi ya tundu langu.

Kisha nikiwa Eldoret, dereva mmoja wa lori la mbuzi alichungulia ndani ya gari langu, akacheka, akasema, "Hiyo meno yako imetoka, nimeiona Isiolo. Kuna mama wa maziwa, ako na pikapu kama hii. Vitufe nyeupe tano."

Nilifungasha asubuhi iliyofuata.

Safari ile niliipima kwa tundu. Timboroa lilipitisha baridi kali iliyonilenga goti, nikaliziba kwa sweta. Nakuru nikazibua kwa sababu injini ilichemka na moshi ulihitaji pa kutokea. Nyahururu nikaziba. Rumuruti vumbi liliingia kwa nguvu hata nikawa napiga chafya kwenye kila kona. Nanyuki nililala ndani ya gari, na asubuhi nikakuta paka amelala ndani ya tundu. Timau nikaziba tena, meno yakigongana. Halafu barabara ikaanza kuteremka, ngano ikaisha, miti ikapungua na kuota miiba, na kabla sijafika chini tundu lilikuwa likinipulizia hewa ya jikoni. Nilivua sweta, nikavua shati, nikaingia Isiolo na fulana.

Mwenye gereji aliyenipa kona ya kufanyia kazi alikuwa Mmeru mnene, mcheshi, asiyeamini jambo lolote mara ya kwanza.

"Umetoka Eldoret kwa sababu ya redio?"

"Ndiyo."

"Watu huja hapa kufuata mbuzi. Wengine wanafuata mke. Juzi mmoja alifuata mke akarudi na mbuzi. Lakini redio!" Akaita wenzake waje wanione.

Alimjua mama wa maziwa. Kila mtu alimjua. Kila alfajiri aliondoka na pikapu kuelekea upande wa Kulamawe, akakusanya maziwa ya ngamia kwa wafugaji, akarudi mjini na mitungi iliyofukizwa moshi, na kabla jua halijapanda juu maziwa yalikuwa kwenye basi la Nairobi. Alikuwa Mborana wa makamo, mrefu, mwenye ushungi wa rangi ya chungwa na sauti ya mtu aliyezoea kuzungumza akiwa upande wa pili wa boma.

Nilimkuta akipakua mitungi. Nikamwamkia, "Salaam aleikum, mama."

"Aleikum salaam. Wewe ndiye unatafuta redio mbovu? Huko kwenu redio zimeisha?"

Nilichungulia kwenye pikapu yake na moyo wangu ukapiga kama wa kijana aliyeenda kuposa. Isiolo ni kavu, chuma hakiozi. Vitufe vilikuwa vyote vitano. Hata uzi wa mshale ulikuwa mzima.

"Hiyo ni wazimu," akasema. "Haizimi, haishiki stesheni. Inalia tu, iiii, iiii, kama mbu amefungiwa."

"Nitakupa mpya badala yake. Ya flashi, ya simu, ya kila kitu."

"Itasoma Kurani?"

"Itasoma chochote utakachoiwekea."

"Toa."

Na huo ndio ulikuwa mkataba wote. Nilimwekea redio mpya inayometameta rangi za buluu, naye akaondoka akisikiliza kisomo, ameridhika. Mimi nikabaki na yangu mapajani kama mtoto mchanga.

Niliihudumia kwa raha zangu. Swichi ilikuwa imeshikana kwa vumbi, nikailegeza. Karatasi ya spika ilikuwa imeliwa na mende. Nikaibandika kwa karatasi nyembamba na gundi, tabaka juu ya tabaka. Ule mlio wa mbu ulitokana na kondensa moja iliyokauka, ambayo kazi yake ni kuzuia kelele za dainamo zisiingie kwenye redio. Ikifa, redio husikiliza injini badala ya stesheni: injini ikienda kasi mlio unapanda, ikipungua unashuka. Nilitoa kondensa mbovu nikaitupa kwenye kopo langu la vitu vibovu, nikalehemu mpya. Kisha nikaisukuma redio ndani ya tundu. Iliingia kama ulimi mdomoni. Jioni, jua likizama, nilishika stesheni ya mbali inayosoma habari, nikabonyeza kitufe cha tatu, na nikatazama nyuma kuona kama kuna wa kunikataza.

Nilikuwa tayari kuondoka. Siku ya nne mama wa maziwa akaingia gerejini bila salamu.

"Fundi, umeharibu ngamia yangu."

Nilimwambia sijamgusa ngamia yeyote.

"Hajatoa maziwa tangu uweke hiyo takataka yako!"

Kwa wasiojua: ngamia hatoi maziwa kwa amri. Lazima ndama wake aanze kunyonya, ndipo maziwa yashuke, na mkamuaji apate nafasi upande wa pili. Ndama akifa, mama yake hufunga maziwa. Ngamia huyu ndama wake alikuwa amekufa. Kaka yake mama wa maziwa, aliyekuwa akichunga, alifanya kama walivyofanya baba zake: alichuna ngozi ya ndama, akaikausha, akamletea ngamia ainuse wakati wa kukamuliwa. Ngamia aliinusa, akaitemea mate, akaenda zake. Akaimbiwa. Akapewa chumvi. Hakutoa hata tone. Halafu asubuhi moja dada mtu alifika na pikapu, ngamia akainua masikio, akasogea, akasimama kando ya mlango wa dereva, na maziwa yakashuka yenyewe. Tangu siku hiyo alitoa kila asubuhi, mradi mama awe hapo.

Na ngamia huyo hakuwa ngamia hivi hivi. Maziwa mengine yote mama aliyanunua kwa watu. Huyu alikuwa wake mwenyewe, uzao wa ngamia aliyepewa na marehemu mama yake, na ndiye peke yake wa kwake aliyekuwa na maziwa. "Akikaa siku chache bila kukamuliwa anakauka," akasema. "Akikauka, kwisha mpaka azae tena. Ndugu yangu anasema ni mafuta nimejipaka. Nimeoga mara mbili. Nimevaa nguo ya zamani. Hapana. Kitu imebadilika ni redio tu."

Alfajiri iliyofuata nilikwenda naye. Boma lilikuwa kabla ya kufika Kulamawe, miiba imezungushwa, ngamia wamelala ndani kama vilima vidogo. Kaka mtu, mwembamba, mwenye fimbo mabegani, alinitazama kutoka viatu hadi kichwa.

"Huyu ndiye fundi?"

"Ndiye."

"Anaonekana mtu mzuri," akasema kwa masikitiko.

Ngamia akaja. Mama akasimamisha pikapu, na hapo nikaona jambo ambalo mwenyewe halioni tena kwa mazoea: hakuzima injini, na mguu wake haukutulia. Pikapu ile isipokanyagwa akseleta kidogo inazima, na ikizima inataka kusukumwa. Kwa hiyo muda wote wa kukamua alikaa akikanyaga na kuachia, akikanyaga na kuachia. Nikaelewa. Miezi yote hiyo redio yake mbovu ilikuwa ikiimba, juu na chini, juu na chini, kulingana na mguu wake.

Nikawaeleza. Kaka mtu alicheka mpaka akaegemea fimbo. Dada yake hakucheka.

"Kumbe ni redio," akasema polepole. "Mimi nimekuwa nikimwambia kila mtu huyu ngamia ananipenda."

"Mguu ni wako," nikasema.

"Nyamaza, fundi."

Mimi ni fundi. Nikaona tatizo la kifundi. Nilirudi mjini, nikachomeka ile kondensa mbovu kwenye redio yangu kwa muda, nikawasha injini, nikanasa mlio kwa simu, nikautia kwenye flashi. Asubuhi yake tukaupiga kwenye redio mpya ya mama, sauti juu. Iiiiiiii. Ngamia aliinua sikio moja. Alisogea. Nikamkonyeza kaka mtu. Ngamia akafika dirishani, akaingiza kichwa, akaitazama ile redio ya buluu kwa muda mrefu kama askari anayekagua leseni, kisha akanigeukia na kunitemea kila alichokuwa ametafuna tangu jana.

"Umeimba laini moja tu," kaka mtu akasema, akinipa kanga nijifute. "Hata mimi ningetema." Halafu akashika kiwele, akatikisa kichwa. "Kesho asipotoa, amekauka huyu. Mimi najua."

Hapo mzaha ukaisha kidogo. Ningeweza kunasa mlio mwingine, wa juu na chini, nikajaribu bahati. Lakini nafasi ilikuwa moja, na nilijua kitu kimoja tu kilichokuwa na uhakika: ile redio yenyewe, na kondensa yake iliyokufa, ndani ya pikapu yake, chini ya mguu wake. Yaani tundu langu lirudi kuwa tundu.

Mwenye gereji alinipa ushauri nikiwa bado nanuka matapishi ya ngamia.

"Kwani una haraka gani? Mwambie unatafuta spea. Kesho ipite, ngamia akauke, maneno kwisha. Hakuna mtu anaweza kusema umekataa."

Lilikuwa shauri zuri sana. Nililitembeza kichwani mchana kutwa. Niliketi ndani ya gari nikibonyeza kitufe cha tatu, nikijiambia kwamba nimesafiri toka Eldoret, kwamba nilimpa mama redio bora kuliko yake, kwamba ngamia ni ngamia. Shida ni kwamba kila nilipomfikiria yule mnyama nilimwona akiwa na masikio juu, akisubiri injini fulani na redio fulani, na hataki ngozi wala nyimbo wala mashine mpya inayong'aa. Katika miji yote niliyokaa sikuwahi kukutana na kiumbe mwingine mwenye ugonjwa wangu. Mimi nami sikulala mpaka nizungushwe mtaa.

Kabla ya magharibi nilikuwa nimetoa redio, nimeondoa kondensa nzuri nikaitia kwenye kopo, nimelehemu ile mbovu. Nilifanya kazi mbaya kwa makini sana. Mwenye gereji alisimama pembeni akitazama.

"Sijawahi ona fundi anaharibu kitu akiwa na miwani," akasema.

Asubuhi mama alikanyaga akseleta, redio ikalia iiii ikipanda, iiii ikishuka. Ngamia alikuwa mbali, upande wa miiba. Aligeuka. Alikuja kwa zile hatua zao za kujivuta, akasimama kando ya mlango, akashusha kope. Kaka mtu akainua mguu mmoja kama korongo, akatega chombo cha mbao kwenye paja lake, na tukasikia maziwa yakigonga ubao. Mama alikanyaga na kuachia, akitazama mbele kama mtu anayeendesha barabara ndefu, machozi yakimtoka, na nilijua asingependa niyaone.

Tukiwa njiani kurudi ndipo akasema, "Fundi. Akikauka, redio ni yako. Hii yako ya buluu nirudishie siku hiyo."

"Atakauka lini?"

"Akishika mimba. Mimba ikikua, maziwa inaenda."

Na hivyo ndivyo mimi, ambaye sijawahi kungoja hata basi, nilivyokaa Isiolo nikimngoja ngamia akauke. Nilitia redio ya buluu kwenye tundu langu, nikaikaza kwa vipande vya katoni. Nilipanga chumba. Nilitengeneza redio za mji mzima. Nilikwenda Oldonyiro siku ya mnada kufufua redio ya lori kuukuu, wanunuzi wa mbuzi wakanizunguka wakiniuliza kama naweza pia kufufua lori. Nilikwenda Kipsing kwa mwalimu mmoja mstaafu ambaye gari lake halijatembea tangu watoto wake wakiwa shule, lakini kila jioni hukaa ndani na mkewe wakasikiliza taarifa, mikanda wamefunga.

Habari zilisambaa. Watu walinisalimu sokoni: "Fundi, mgonjwa anaendeleaje?"

"Mzima," nilijibu. "Kwa bahati mbaya."

Nilipopata nafasi niliandamana na mama bomani, na kila mara nilimuuliza kaka yake kuhusu dume.

"Abo, bwana, unauliza dume kama mama mkwe," akanijibu siku moja. "Ngoja mvua. Bila mvua dume hana maneno."

Mvua ikaja. Dume likapandwa na wazimu: lilisaga meno, likatoa povu, likapuliza kitu chekundu pembeni mwa mdomo kama puto na kukikoromesha. Nilifurahi kuliko lenyewe. Baadaye kaka mtu aliniita, akatembea kuelekea kwa ngamia wetu, na ngamia akapinda mkia juu, wima.

"Umeona? Akiinua hivyo ukimkaribia, ana mimba. Umekuwa baba."

Hata hivyo alinichelewesha. Alitoa maziwa, akatoa, akapunguza, akaongeza siku moja ili kunikomoa. Nilizoea. Nilianza kujua ni nani huuza chai nzuri, ni mbwa gani wa kuogopa, na mvumo wa adhana ipi huanza kwanza. Nilijikuta nikisema "hapa kwetu" mbele ya mgeni, nikashtuka kama mtu aliyepiga yowe msikitini.

Halafu asubuhi moja mama wa maziwa aliingia gerejini, akazima injini makusudi. Pikapu ikanyamaza, redio ikanyamaza nayo.

"Amekauka," akasema. "Toa kitu yako."

Nilifikiri ningeruka. Nilichukua bisibisi polepole. Nilitoa yake, nikatoa yangu, nikazibadilisha, na mwenye gereji aliyasimamia yote kama hakimu wa mpira. Redio ya kiwandani ikaingia kwenye tundu la baba. Ya buluu ikarudi kwenye pikapu ikaanza kusoma.

"Na akizaa?" nikamuuliza mama.

"Akizaa atakuwa na ndama yake. Wewe hatakutaka." Akanipa mtungi wa maziwa aliyonunua kwa watu. "Ndama akiwa dume tutamuita Fundi."

"Akiwa jike?"

"Jike tutampa jina nzuri."

Niliondoka siku hiyo hiyo, kwa sababu najijua. Sikurudi nilikotoka, nilishika barabara ya mashariki, na kabla ya Kulamawe nikaona boma, nikaona kaka mtu na fimbo yake, nikaona ngamia wamesambaa kwenye miti ya miiba. Nilisimama. Kondensa nzuri ilikuwa bado kwenye kopo. Sikuwa nimepata muda wa kuiweka, au ndivyo nilivyomwambia mwenye gereji. Nikakanyaga akseleta, nikaachia, nikakanyaga. Iiii, iiii.

Akainua kichwa. Masikio yote mawili. Alipiga hatua moja kuelekea barabarani, akasimama, taya likiwa limeacha kutafuna.

Kaka mtu alikuja mbio mpaka dirishani. "Enda, abo! Enda sasa hivi! Akikumbuka, tutaanza upya!"

Nilitia gia. Kwenye kioo nilimwona ngamia akinitazama, kisha akapinda mkia juu, akarudi kwenye mti wake.